Warithi Wanachora Mji, Kaunti Inagonga Mhuri

Anayetaka kujua ni nani anayechora barabara za mji wa Meru asijisumbue kwenda ofisi ya mipango ya kaunti. Aende Kinoru siku ambayo familia imemwita mpimaji ardhi awagawie watoto shamba la marehemu baba yao. Hapo ndipo barabara zetu zinapozaliwa: chini ya mparachichi, kamba mkononi, ndugu wanne wakivutana kuhusu atakayepata sehemu ya mbele karibu na lami. Mpimaji anawaachia kijia cha mita 6 ubavuni mwa shamba ili kila mmoja afike kwake. Kijia kinaanzia barabarani, kinateremka kuelekea kijitoni, kinaishia hapo. Miaka michache baadaye jirani naye anafariki, na watoto wake wanachora cha kwao. Hakuna anayeuliza kama vijia hivyo viwili vitakutana mahali. Karatasi zinapelekwa mjini, zinagongwa mhuri, hatimiliki zinatoka. Mtaa umeshachorwa, na hautachorwa tena.

Huu ni uzembe. Nauita hivyo kwa sababu kila anayehusika anajua matokeo yake. Mpimaji anajua. Afisa anayepitisha ramani ya ugawaji anajua. Mwakilishi wadi anayeahidi kila msimu wa kampeni kwamba atafungua barabara anajua kuwa mbele ya trekta lake hakuna barabara ya kufunguliwa, kuna nyua za watu wenye hatimiliki. Hata wale ndugu wanne wanajua, maana wao wenyewe ndio watakaozunguka kila siku ya maisha yao. Wote wanajua, na ramani inapita.

Wakenya wengi wanaijua Kinoru kwa uwanja wake. Uliwekwa kwenye orodha ya viwanja vya CHAN 2018 na kazi ya kuukarabati ikaanza, kisha Septemba 2017 shirikisho la soka la Afrika, CAF, likaipokonya Kenya mashindano hayo, yakaishia Moroko. Uwanja ukabaki. Tarehe 1 Juni 2018 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika pale, na nchi nzima ikaitazama Kinoru kwenye runinga. Sina ugomvi na uwanja. Vijana wetu wanauhitaji. Ugomvi wangu unaanza nje ya lango, pale unapoacha barabara kubwa ukaingia kwenye mashamba yaliyogeuka ploti. Kwanza lami, halafu changarawe, halafu udongo mwekundu, halafu ua wa kayaba. Dereva mgeni aliyeingia humo mvua ikinyesha anatoka kinyumenyume, kijana mmoja akimwelekeza nyuma na mwingine akiokota mawe ya kuweka chini ya magurudumu, kwa kuwa mwisho wa njia hapana hata pa kugeuzia gari.

Tumefikaje hapa? Jibu liko mlimani. Meru imekaa kwenye mteremko wa Mlima Kenya, na maji yote ya upande huu hushuka kwa mabonde yaliyokaribiana, vijito vikitafuta mto Kathita na Kathita ukitafuta Tana. Kati ya bonde na bonde kuna mgongo wa ardhi, na tangu zamani watu walijenga juu ya migongo hiyo na njia zao zikafuata migongo hiyo hiyo. Mwingereza E. B. Horne, ambaye Wameru walimpa jina la Kangangi, alipoweka boma la serikali hapa mwaka 1908, alilikuta eneo lenye njia nyingi za kupanda na kushuka na vivuko vichache vya kukata mabonde. Jengo la mawe la mwaka 1916, ambalo leo ni Jumba la Makumbusho la Meru, lilikuwa ofisi ya utawala. Mitaa michache iliyolizunguka ilitosha watawala, wafanyabiashara na askari wa wakati huo.

Kilichoamua sura ya Kinoru kilikuja baadaye. Meru, Embu na Kisii zilikuwa sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Kisha ukaja mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 na kazi ya kuunganisha vipande vya mashamba na kuwaandikisha wenyewe. Mpango ule ulikuwa na dhambi zake za kisiasa, na wazee walioishi wakati wa Hali ya Hatari wanazijua kuliko mimi. Kwa mkulima, hata hivyo, namna ya kugawa ilikuwa na akili ndani yake: shamba la utepe mrefu, kichwa chake kwenye njia ya mgongoni, miguu yake kwenye kijito. Kila mtu apate barabara ya kupelekea mazao sokoni, kila mtu apate maji. Shamba la namna hiyo lenye nyumba moja, migomba, kahawa na ng'ombe wawili halikuhitaji njia ya pili. Nani angeipita?

Mji ulipopanda kutoka Gakoromone na Makutano ukaanza kuyala mashamba hayo, hakuna aliyekaa chini akasema: sasa ardhi hii inabadilisha kazi, basi na njia zake zibadilike. Utepe mmoja ukawa tepe nne, tepe nne zikawa ploti 20 za futi 50 kwa 100. Njia ya kupeleka kahawa kiwandani sasa inabeba magari ya wapangaji, pikipiki za bodaboda, malori ya mchanga, wanafunzi, wagonjwa na majeneza. Ni ile ile moja, na vijia vinaning'inia kwayo kama meno ya chanuo.

Niruhusu hesabu kidogo, kwa sababu jambo hili limefunikwa kwa maneno kwa muda mrefu mno. Chukua vijia viwili vinavyoteremka sambamba, kila kimoja mita 400. Kati yake kuna safu mbili za ploti za futi 50 kwa 100 zilizopeana migongo, yaani umbali wa mita 61. Mama anayekaa chini kabisa ya kijia cha kwanza amepakana na mama anayekaa chini kabisa ya kijia cha pili. Wanasikia redio ya kila mmoja. Ua ni mmoja. Lakini mmoja akitaka kumtembelea mwenzake kwa njia halali, atapanda mita 400, atatembea mita 61 kando ya barabara kubwa huku matatu zikimpita, kisha atashuka mita 400 nyingine. Karibu mita 860, kwenye mlima, kumfikia mtu ambaye angeweza kumpa chumvi juu ya ua.

Sasa tuhesabu dawa yake. Njia ya kuunganisha vijia hivyo kwa chini, yenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 61, inachukua mita 366 za mraba. Ploti moja ya futi 50 kwa 100 ni kama mita 465 za mraba. Kwa maneno mengine, mtaa mzima ungeunganishwa kwa ardhi ambayo haifiki ploti moja. Kati ya vijia hivyo viwili kuna ploti zipatazo 52. Gharama ikigawanywa kwa wote, kila mwenye ploti angetoa mita 7 za mraba, ukubwa wa chumba kidogo cha kulala. Hicho ndicho tulichoshindwa kukitoa. Kwa chumba kimoja kidogo kwa kila familia tumejihukumu sisi na wajukuu wetu kuzunguka mlima.

Na asiwepo wa kuniambia kwamba kuzunguka ni usumbufu mdogo. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku, akiwa mwisho wa kijia ambacho lori la mawe limekwama katikati yake, hana njia nyingine ya kufika Hospitali ya Rufaa ya Meru. Moto ukiwaka nyumba ya tatu, wanaokaa nyumba ya nne hadi ya 20 wamefungiwa nyuma ya moto. Lori la taka haliingii mahali lisipoweza kutokea upande wa pili, kwa hiyo taka zinateremshwa kijitoni, na kijito kinazipeleka Kathita, na walio chini wanakunywa. Bomba la maji na la maji taka hufuata njia. Njia ikifa, bomba linafia hapo hapo, na anayetaka kuunganishiwa huduma analipia urefu wote wa kurudi juu. Mama mboga anayeweka meza yake katikati ya mtaa anawauzia watu wa kijia kimoja tu, kwa sababu wa kijia cha pili hawapiti hapo wala hawatapita. Kila mmoja wa watu hawa anadhani shida yake ni bahati mbaya yake binafsi. Si bahati. Imechorwa, ikapitishwa, ikawekwa kwenye faili.

Watafiti wawili, Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, walichunguza mitandao ya barabara ya miji ya dunia nzima na kuchapisha matokeo yao mwaka 2020. Waligundua kwamba tangu mwaka 1975 mitaa mipya katika sehemu nyingi za dunia imekuwa ikijengwa bila kuunganika vizuri kama ile ya zamani. Kwa hiyo Meru haiko peke yake. Lakini utafiti wao wa awali kuhusu Marekani, wa mwaka 2015, ulionyesha jambo la kututia moyo: huko hali ilizidi kuwa mbaya kwa miongo mingi, ikafika kilele karibu mwaka 1994, kisha mitaa mipya ikaanza tena kujengwa kwa kuunganika. Watu waliamua kubadilika, na ramani ikabadilika kwa yale maeneo mapya. Kwa maeneo ya zamani, ole wao, maana jambo la pili walilolisisitiza watafiti hao ni kwamba mtaa ukishachorwa, umbo lake halibadiliki kwa urahisi. Nyumba hubomolewa, biashara hufungwa, watu huhama, serikali huanguka. Barabara hubaki ilipowekwa.

Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu wenyewe, na ningependa kila mwanachama wa bunge la kaunti ya Meru apelekwe kuutazama. Aende Kariakoo, Dar es Salaam. Mitaa ya Kariakoo ilichorwa kwa mistari iliyonyooka na kukatana na Wajerumani, kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Nyumba zilizojengwa humo zilikuwa za chini, zenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, na nyingi zimeshabomolewa. Mahali pake pamesimama maghorofa. Koloni la Wajerumani limekwisha, la Waingereza limekwisha, uhuru umekuja, Ujamaa umekuja na kupita, soko limejengwa, na mitaa ni ile ile. Kwa kuwa kila mtaa unakutana na mwingine, duka lolote linafikiwa kutoka pande zote, na ndiyo maana wafanyabiashara kutoka Kongo, Zambia na Malawi wanakwenda kununua bidhaa hapo. Hakuna kijia kisichotokea popote kinachoweza kuzaa Kariakoo.

Au aende Eastleigh, Nairobi. Kabla Eastleigh haijawa soko la mabilioni ilikuwa mtaa wa kuishi, wenye barabara kuu mbili zinazoenda sambamba na mitaa mingi ya nambari inayozikata. Serikali iliupuuza kwa miaka mingi, majitaka yakafurika, lami ikaliwa na mashimo. Hata hivyo biashara ya Wasomali ilipoanza kushamiri humo katika miaka ya 1990, ilikuta mtandao uliokuwa tayari kuipokea. Barabara mbovu iliyounganika hutengenezwa kwa bajeti ya mwaka mmoja. Barabara ambayo haikuwahi kuwepo hutengenezwa kwa tingatinga na kesi mahakamani.

Wapo watakaosema tatizo letu ni upana, kwamba kijia cha mita 6 ni chembamba na tungekuwa na mita 12 yangekwisha. Waende Lamu. Waende Mji Mkongwe wa Unguja. Vichochoro vya huko havipitishi gari, punda na mkokoteni wa mkono vinabishana kupishana, lakini kila kichochoro kinakutoa mahali. Ukizibiwa njia na mwenye kujenga unapinda kushoto, unatokea msikitini, unapinda kulia, umefika. Watu wametembea humo kwa karne nyingi, na UNESCO imeiandika miji yote miwili kwenye urithi wa dunia, Mji Mkongwe mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001. Upana una umuhimu wake, siukatai. Lakini njia nyembamba inayotokea inamfaa mkazi kuliko pana inayogonga ua, na kwa mji wa watu wanaokwenda kwa miguu na bodaboda, hilo ndilo la kwanza.

Sasa tuje kwenye barabara za mchepuko, ambazo wanasiasa wetu wanazitaja kila wakisimama jukwaani. Mchepuko wa Mashariki na wa Magharibi umepunguza msongamano katikati ya mji, na dereva anayetoka Maua kwenda Nairobi ana haki ya kushukuru. Mkazi wa Kinoru amepata nini? Barabara kubwa imepita, na pande zake zote mbili mabroka wamesimamisha mabango ya ploti. Umbali kutoka lami, bango linasema, ni mita 200. Umbali huo ni wa ndege. Kila shamba lililopakana na mchepuko sasa linakatwa kwa mtindo ule ule wa utepe na kijia, na yale makosa yaliyochukua miaka 40 kukamilika kule mjini yanarudiwa huku kwa miaka mitano. Mabilioni yanatumika kununua mshipa mkubwa wa damu na hakuna shilingi inayotengwa kwa mishipa midogo. Halafu tunashangaa kwamba magari yote yanarundikana Makutano saa kumi na mbili za jioni. Yangepita wapi? Kila safari, hata ya kwenda kununua mkate, inalazimishwa kwenda barabara kuu.

Sheria haitukatazi kufanya la maana. Inatuagiza tulifanye. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti kazi ya mipango na maendeleo na ya barabara za kaunti. Ibara ya 66 inaipa serikali mamlaka ya kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote, hata ya mtu binafsi, kwa ajili ya upangaji mzuri wa ardhi. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inasema hakuna kugawa ardhi bila idhini ya kaunti, na idhini hiyo inaweza kuwekewa masharti. Kila ramani ya ugawaji iliyopita Kinoru tangu sheria hiyo ilipoanza imepita mbele ya ofisa mwenye uwezo wa kusema: hapana, rudini, kijia hiki lazima kikutane na cha jirani. Uwezo upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuutumia.

Na gharama ya kunyamaza inakua kila siku. Mwenye shamba anapoomba kugawa, sehemu ya barabara huitoa mwenyewe, bila kulipwa, kwa sababu ugawaji wenyewe unaipandisha ardhi yake thamani. Hiyo ndiyo saa ya kuomba njia. Ukiipitisha saa hiyo, ploti zikauzwa, nyumba ya ghorofa tatu ikasimama mwisho wa kijia, njia ile ile itabidi itwaliwe kupitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na Ibara ya 40 inadai fidia ya haki, ilipwe upesi. Kile kilichokuwa mita 7 za mraba kutoka kwa kila familia kimekuwa nyumba ya kubomoa, wapangaji wa kuhamisha na wakili wa kulipa. Samaki mkunje angali mbichi. Kinoru ya juu imeshakauka. Kinoru ya chini, na mashamba ya kando ya michepuko, na mabonde ya kuelekea Nkubu, bado ni mbichi, na hayatakuwa hivyo kwa muda mrefu.

Nimesikia pingamizi la wezi mara nyingi na sitalidharau. Wenye nyumba wanasema njia ikitokea upande wa pili, mwizi anapata pa kukimbilia. Heri mtaa wenye mdomo mmoja na geti. Hofu hiyo ina msingi, kwani polisi wetu hufika wakiwa wamechelewa. Lakini tazama kinachotokea kwenye kijia chenye mdomo mmoja saa tatu za usiku. Hakuna mpita njia. Hakuna kibanda kilichofunguliwa, maana hakuna wateja wa kupita. Msichana anayetoka kazini anatembea mita 400 za giza akijua kwamba akikutana na mtu mbaya hana pa kupenyea. Jane Jacobs aliandika mwaka 1961 kuhusu miji ya Marekani kwamba usalama wa mtaa unalindwa na macho ya watu wengi wanaoutumia, na kila anayefungua kioski Meru anajua hivyo bila kusoma kitabu chake. Mtaa unaopitika una watu. Mtaa wenye watu una mashahidi. Mdomo mmoja humsaidia mwizi aliyesimama mdomoni.

Pingamizi la vijito nalo ni la kweli kwa nusu tu. Ndiyo, mabonde yetu ni makali, na huwezi kuweka barabara ya magari kila mahali. Hakuna aliyeomba hivyo. Daraja la miguu la zege au la vyuma, linalobeba mwanafunzi, mama mwenye mtungi na pikipiki moja kwa zamu, linagharimu sehemu ndogo sana ya kilomita moja ya lami. Vivuko vya magogo ambavyo wanakijiji wameviweka wenyewe kwenye vijito vyetu vinaonyesha watu wanataka kupita wapi. Kaunti ikitaka kujua pa kuanzia, ifuate magogo hayo. Mvua za Aprili na za Novemba huyasomba, na wananchi huyarudisha kwa michango yao. Watu wanaochangishana kurudisha gogo kila msimu hawawezi kuambiwa kwamba hawathamini njia.

Linaloniudhi kuliko yote ni mazungumzo ya kuwa jiji. Nakuru ilipata hadhi hiyo Desemba 2021, Eldoret ikafuata Agosti 2024, na sasa kila mji wa kaunti unajipima. Mabadiliko ya mwaka 2019 ya Sheria ya Miji na Majiji yalishusha kiwango cha idadi ya watu kutoka 500,000 hadi 250,000, na wanasiasa wakafurahi. Hesabu ya vichwa ndiyo wanayoiona. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri hapa hapa Kenya, linashauri kwamba angalau asilimia 30 ya ardhi ya mji iwe barabara na kwamba kila kilomita moja ya mraba iwe na makutano ya njia kati ya 80 na 100. Chukua ramani ya Kinoru, chora mraba wa kilomita moja, uhesabu mahali ambapo njia zinakutana na mtu akaweza kuchagua kuendelea pande tatu au nne, ukiacha yale makutano ambayo upande mmoja wake unaishia uani kwa mtu. Mkaguzi wa kaunti anaweza kuifanya kazi hiyo kwa siku moja. Afanye, na matokeo yabandikwe ukutani kabla mtu yeyote hajatamka tena neno jiji.

New York ilikuwa na watu wasiofika 100,000 mwaka 1811 pale makamishna wake walipochora mitaa 155 juu ya mashamba, vilima na mabwawa ya kisiwa cha Manhattan. Wenye mashamba walipinga kwa ukali. Sehemu kubwa ya mitaa hiyo ilibaki karatasini kwa miongo kadhaa, ng'ombe wakilisha pale palipoandikwa barabara. Mji ulipofika, ulikuta nafasi yake imewekwa. Sisemi Meru iige mistari ile, mlima wetu hautaikubali. Nasema mji mdogo ulithubutu kuchora kabla ya kuuza, na walikuwa na kamba, minyororo ya kupimia na farasi. Sisi tuna picha za setilaiti kwenye simu.

Basi ninachodai ni hiki. Kaunti isimamishe kupitisha ramani yoyote ya ugawaji Kinoru na kandokando ya michepuko yote miwili mpaka iwe imechora ramani ya njia za kuunganisha, mgongo kwa mgongo, na kuitangaza hadharani ili kila familia ione mstari unapita wapi kwenye shamba lao. Iwe sharti kwamba hakuna kijia kinachopata mhuri kama hakikutani na kingine, isipokuwa pale bonde linapozuia kweli kweli, na hapo kiwekwe kivuko cha miguu. Bajeti ya barabara itenge fungu la viungo vifupi na madaraja ya miguu, hata kama hayana utepe wa gavana kukata. Mabroka wanaouza ploti za kijia kilichokufa wakishirikiana na wapimaji wanaojua wanachofanya waripotiwe kwa bodi zao na wanyimwe kazi. Na wenzetu wa Embu, ambao mji wao nao unateremka migongoni kuelekea mto Rupingazi, wasisubiri wafike tulipofika.

Kwa wazee wa Njuri Ncheke nina ombi la pekee. Mnaitwa kusuluhisha mipaka ya ardhi kabla mahakama haijaitwa, na neno lenu kwenye kikao cha mirathi lina uzito ambao ofisa wa kaunti hataupata. Mkikaa na familia inayogawa, iteni na ya ng'ambo ya ua. Waambieni watoe njia ya pamoja siku hiyo hiyo, wakiwa bado ndugu na majirani, kabla hawajawa wadai na wadaiwa.

Na wewe msomaji ambaye mwaka huu au ujao utasimama shambani na ndugu zako kumsubiri mpimaji: kabla hujatia sahihi, muulize njia anayoichora itatokea wapi. Akisema haitokei, usitie sahihi. Mtume aende akazungumze na jirani kwanza.